Waliopelekwa Mlimani

Maureen Sedlacek alikuwa amefundisha historia ya Marekani kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupewa darasa lenye dirisha. Chumba chake kilikuwa mwisho kabisa wa shule ya sekondari ya Harlan Forks, ukuta kwa ukuta na mtambo wa kupasha joto. Baridi ilipoingia na mabomba yakaanza kugonga, wanafunzi wake sita waliacha kila walichokuwa wakifanya wakaziba masikio. Walikuwa vijana wa miaka kumi na sita hadi ishirini, wenye mahitaji maalumu kila mmoja kwa namna yake, na shule nzima iliwaita wale wa Kumi na Tisa kwa namba ya mlango wao. Wanafunzi wengine walipotaka kutukanana walisema, "Wewe kwenu Kumi na Tisa."

Maureen hakufundisha kwa kitabu, maana kitabu kiliwashinda. Alifunga kamba kutoka ukuta huu hadi ule akaning'iniza picha kwa vibanio vya nguo, mwaka baada ya mwaka. Walipofika kwenye vita vya Kaskazini na Kusini alioka biskuti ngumu kama zile za askari, wakazitafuna huku wakilalamika. Walipofika kwenye utumwa alileta matawi ya pamba, wakachambua kwa mikono mpaka vidole vikawawasha. Hata hivyo Galen, kijana mrefu mwenye usonji, alikataa kata kata kwamba dunia ilikuwepo kabla ya ndege ya kwanza kuruka.

"Sasa kabla ya hapo kulikuwa na nini?" Maureen alimuuliza.

"Giza."

Nadine, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu na ambaye sauti yake ilitoka kwenye mashine, alibonyeza kitufe. "Galen mwongo," mashine ikasema, na darasa zima likacheka, Galen naye akacheka.

Ila aliyeipenda historia kuliko wote ni Wendell Toomey. Alikuwa na miaka kumi na saba, mfupi, mnene, kazaliwa na hali ya Down, na kila siku alikuja na tai aliyofungwa na bibi yake Arlene. Ni huyo bibi aliyemlea tangu mama yake alipoondoka. Wendell alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, lakini alichokisoma hakikutoka tena.

Mwezi wa Oktoba idara ya historia iliwapa wanafunzi wote kazi moja: kila mmoja amhoji mzee wa nyumbani kwao, kisha aje aeleze mbele ya wazazi katika usiku wa historia. Wote, isipokuwa Kumi na Tisa. "Tusiwatese bure," mkuu wa idara alisema kwa upole. Maureen hakubishana. Siku ya pili yake alinunua vinasa sauti sita vidogo, akawagawia.

Kanda ya Wendell ilichukua dakika kumi na moja. Maureen aliisikiliza akiwa peke yake garini, kwenye maegesho ya shule.

"Bibi, mlizaliwa wangapi?"

"Wanne."

"Babu Ray, babu Carl, na wewe. Hao watatu, bibi. Usinidanganye, mimi najua kuhesabu."

Kijiko kilisikika kikigonga kikombe.

"Kulikuwa na Dottie," sauti ya bibi ikasema.

"Dottie ndiye nani?"

"Mdogo wangu. Alikuwa kama wewe, mwanangu. Macho yake kama yako."

"Yuko wapi?"

"Walimpeleka Mlimani."

Mjini hapakuwa na mtu asiyeijua Mlimani. Lilikuwa jengo kubwa la matofali kaskazini ya mji, ambamo kwa miaka sabini jimbo liliwafungia watu ambao sheria yenyewe iliwaita wapumbavu. Lilikuwa limekwishafungwa kabla Maureen hajahamia, na sasa wilaya ililitumia kuwekea magari ya kusukumia theluji. Hakuna aliyelizungumzia, kwa sababu nusu ya mji ilikuwa imekula mkate wake pale: wapishi, wauguzi, walinzi, wafua nguo.

Jumamosi Maureen alikwenda kwa Bi. Arlene kuomba ruhusa. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na minane, mwembamba kama ufito, na hakumkaribisha sebuleni bali jikoni. Alimkatia kipande cha pai ya malenge, akaketi, mikono juu ya meza. Wendell alikuwa nje akikusanya majani makavu.

"Alikuja na gari jeusi, mwanamke wa serikali," alianza bila kuulizwa. "Mama alikuwa zizini. Mimi na Dottie tumekaa barazani. Alikuwa na karatasi imeandikwa kuna msichana mmoja mzito wa akili nyumba hii. Jina hakuwa nalo. Akatuuliza, 'Ni yupi kati yenu asiyejua kitu?'"

Maureen aliacha uma.

"Mimi shuleni nilikuwa nimerudishwa darasa mara mbili, mwalimu. Nilikuwa sijui kusoma. Nikadhani huenda ni mimi anayenitafuta. Basi nikanyosha kidole." Alikinyosha kweli, kuelekea kiti kitupu. "Hivi."

"Ulikuwa mtoto, Bi. Arlene."

"Nilikuwa na miaka kumi. Usinifundishe. Mtu wa miaka kumi anajua."

Mama yao alikwenda mara mbili kwa treni, kutoka shamba la mbali walikoishi wakati huo, na mara zote mbili alirudishwa mlangoni, akaambiwa kuonana kutamvuruga mtoto. Dottie alipofika miaka kumi na minne walimpasua ili asizae, barua ikaja baadaye ikisema ni kwa faida yake. Alipofika kumi na minane ikaja barua nyingine, fupi zaidi. Nimonia. Tumekwisha kumzika.

"Nataka Wendell aeleze habari ya Dottie mbele ya watu," Maureen alisema. "Ukikubali."

"Na kidole? Utasema habari ya kidole?"

"Hapana. Hicho ni chako."

Bi. Arlene alitazama dirishani, mjukuu wake akipiga majani teke badala ya kuyakusanya. "Mwache aseme," alisema. "Nimekaa kimya miaka sitini na minane, na sikuona faida yake."

Maureen aliandika kwenye nyaraka za jimbo, na baada ya wiki tano akajibiwa kwa mstari mmoja: kaburi namba 612. Wazazi na walezi wa wanafunzi wote walitia saini karatasi za ruhusa, na asubuhi moja ya Novemba akawapakia kwenye gari dogo la shule, akawapeleka.

Makaburi yalikuwa nyuma ya jengo, kwenye mteremko usio na uzio. Hapakuwa na misalaba wala majina. Kulikuwa na vipande vya saruji, kila kimoja ukubwa wa tofali, vimezama ardhini hadi usawa wa nyasi, na juu ya kila kipande namba. Upepo ulikuwa unakata masikio. Galen alitembea ameinama, akizisoma moja moja kwa sauti, bila kuruka hata moja, na ndiye aliyeliona. "Mia sita na kumi na mbili," alisema, akaendelea na mia sita na kumi na tatu.

Wendell alichuchumaa. Alifuta udongo kwa mkono wa koti.

"Kwa nini hawakuandika jina?"

"Sijui, Wendell. Labda waliona ni kazi kubwa."

"Dottie ni herufi sita tu."

"Ndiyo. Sita tu."

Mashine ya Nadine ikasema, "Walifanya kosa gani?"

"Hawakufanya kosa lolote," Maureen alisema, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, na kwa kuwa aliamini haki ya kwanza ya mwanafunzi ni kuambiwa ukweli, akawaeleza yote. Aliwaeleza kwamba kulikuwa na sheria, si ya jimbo lao peke yake. Kwamba madaktari na maprofesa waliitetea, na majaji wa mahakama kuu ya nchi wakaipitisha. Kwamba walifikiri nchi itakuwa bora watu wa namna hiyo wakiondolewa njiani.

"Watu wa namna gani?" aliuliza Wendell. "Kama sisi?"

Maureen angeweza kusema vingine. Mara nyingi baadaye alikaa akiyatafuta hayo maneno mengine.

"Ndiyo," alisema. "Kama nyinyi."

Siku mbili kabla ya usiku wa historia, mkuu wa shule, Bwana Brandt, alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akafunga mlango.

"Maureen, nusu ya watakaokaa pale ukumbini, mama zao walifanya kazi Mlimani."

"Najua."

"Sasa unataka nini hasa? Mwache kijana asome majina ya marais. Anayajua yote. Watu watapiga makofi, bibi yake atafurahi, tutarudi nyumbani."

"Marais atawasoma mwaka ujao."

"Mimi nimekwambia," alisema Bwana Brandt. "Yakikufika, usiseme sikukwambia."

Wendell alisimama jukwaani na tai nyekundu, akasoma kurasa mbili kwa kidole. Ilimchukua muda. Alipofika mahali pa kupasuliwa, mzee mmoja wa safu ya tatu aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka. Mwanamke nyuma alisema kwa sauti ya kusikika, "Mama yangu aliwapenda wale watoto." Bi. Arlene alikuwa mbele, hakuvua hata koti, macho magotini. Wendell alimaliza, akasubiri. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa Maureen na mama yake Nadine, na makofi ya watu wawili katika ukumbi wa watu mia mbili ni afadhali yasipigwe. Kisha akapanda msichana mmoja kueleza trekta la kwanza la babu yake, na ukumbi ukarudiwa na uhai.

Barua ya onyo ilimfikia Maureen kabla ya Krismasi. Hatatoka na wanafunzi nje ya shule tena bila kibali cha mkuu. Aliikunja akaitia kwenye mkoba, na moyoni, ukweli usemwe, alijiona shujaa kidogo.

Haikupita wiki baada ya likizo, Bi. Arlene akampigia simu.

"Hataki kupanda basi."

"Anaumwa?"

"Anasema dereva atakata kona kule njia panda, ampeleke Mlimani. Analala na koti, mwalimu. Analala na viatu. Jana muuguzi wa wilaya alikuja kunipima presha, kijana akajifungia kabatini kwa saa mbili."

Maureen alikwenda jioni ile ile. Alimkuta Wendell ameketi kitandani na koti lake, kofia masikioni, amejaza mfuko wa shule soksi na mkate.

"Wendell, pale Mlimani pamefungwa. Umepaona mwenyewe. Kuna magari ya theluji tu."

"Wanaweza kufungua."

"Sheria ile imekufa."

"Nani aliiua?"

Ilikuwa imekufa jimbo moja moja, kimya kimya, bila siku wala mtu wa kumwonyesha. "Watu," alisema.

Wendell alimshika mkono. "Mimi najua kusoma, sivyo? Waambie, mwalimu. Waambie najua kusoma."

"Hakuna mtu atakayekuchukua," Maureen alisema. "Nakuahidi."

Siku iliyofuata alipanda basi. Dereva alisema alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili hadi walipoipita njia panda.

Februari, asubuhi ya theluji nyingi, Bi. Arlene alianguka jikoni. Ni Wendell aliyepiga simu ya dharura, akataja jina, nyumba na barabara, na akamfunika bibi yake blanketi tatu mpaka gari la wagonjwa likafika. Walisema alifanya yote sawasawa. Bibi hakufa, lakini upande wa kulia ulipooza na ulimi ukakataa. Walimhamishia kwenye nyumba ya wagonjwa wasiojiweza. Wendell aliwekwa kwa jirani, kwa muda.

Kikao cha kuamua mambo yake kilifanyika shuleni, kwenye chumba cha walimu. Alikuwepo Bwana Brandt, alikuwepo Maureen, na alikuwepo Bi. Trask kutoka ustawi wa jamii, mwanamke mchovu mwenye faili nene. Mjomba wa Wendell aliyekuwa Texas alisikika kwenye simu. Alisema anasikitika sana, ana watoto wanne na nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, akakata.

"Kuna nafasi kwenye nyumba ya malezi katika mji mkubwa, mwendo wa saa mbili kwa gari," Bi. Trask alisema. "Ni mahali pazuri. Lakini mimi ningependa asing'olewe hapa kama kuna njia. Kuna mtu yeyote anayemfahamu, anayeweza kukaa naye? Hata kwa miezi michache?"

Maureen alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, kimoja kimejaa maboksi ya marehemu mumewe. Aliwaza dawa za moyo za Wendell, za asubuhi na za jioni. Aliwaza kurudi nyumbani kutoka kazini na kuikuta kazi imeketi inamngoja. Aliwaza miezi michache inavyogeuka miaka. Alikuwa amechoka, na uchovu huo haukuwa uongo. Aliinamisha macho kwenye karatasi zake, akazipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

Bi. Trask alingoja. Hakumtazama yeyote hasa.

"Basi," alisema, akafunga faili.

Hakuna aliyemlaumu Maureen. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na la kulaumu.

Walimchukua Wendell Ijumaa. Maureen aliomba awepo, wakaona ni vizuri kuwe na sura anayoijua. Walimkuta barazani kwa jirani, amevaa tai aliyoifunga mwenyewe, ovyo. Hakupiga kelele, hakukimbia. Alinyosha mkono kwa Bi. Trask, akaomba karatasi aliyoishika, na Bi. Trask, asiyejua hili wala lile, akampa.

Wendell aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Idara... ya... Ustawi... wa Jamii," alisoma. "Amri... ya... uangalizi... wa muda." Baridi ilikuwa kali, na injini ya gari ilikuwa inanguruma, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Alisoma ukurasa mzima, na saini, na tarehe. Kisha akairudisha.

"Nimesoma yote," alisema. "Sasa naweza kubaki?"

Bi. Trask alimgeukia Maureen. Wendell naye alimgeukia Maureen. Naye Maureen akateremka ngazi, akafungua mlango wa gari, akaushikilia wazi.

Wendell aliupita bila kumtazama, akaingia, akajifunga mkanda.

Jumapili Maureen alikwenda kumtazama Bi. Arlene. Alimkuta ameegeshwa kwa mito, mdomo umepinda, jicho moja tu likiwa hai. Alivuta kiti, akamshika mkono ule mzima, akamweleza: nyumba ni safi, ina mapazia ya njano, vijana wako sita, chakula kizuri. Mkono ulitulia ndani ya wake. Basi, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwambia, akasema na lililobaki.

"Waliuliza kama kuna mtu wa kumchukua. Mimi nina chumba, Bi. Arlene. Nilinyamaza."

Jicho lile lilimtazama muda mrefu. Kisha Bi. Arlene akauvuta mkono wake taratibu, akauingiza chini ya shuka, akageuzia uso wake ukutani. Alikufa mwezi wa Juni, na Maureen hakujua kamwe kama ule ulikuwa ni uchungu au ni kutoweza tu kustahimili kuona mtu mwingine amebeba mzigo aliouzoea yeye.

Kumi na Tisa ilifika kwenye miaka ya sitini ya karne iliyopita, ikafika kwenye mtu kutembea mwezini, na Galen akafurahi kuliko siku zote. Maureen alifundisha vile vile kama zamani. Ila walipomaliza vipindi alikaa darasani mpaka mfagiaji aje.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, aliendesha kwa saa mbili kwenda mji ule mkubwa. Mara mbili za kwanza Wendell hakushuka kutoka ghorofani. Mara ya tatu alishuka, akakaa mbali, akatazama mchezo wa besiboli kwenye televisheni. Alikuwa amenenepa. Tai hakuvaa, walezi walisema hakuna aliyemwambia asivae, ameacha tu. Walimtunza vizuri, hilo Maureen aliliona kwa macho yake, na hakuna aliyemfungia mlango. Alikuwa na kitanda chake, na jina lake limeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa.

Agosti, wakati wa mapumziko ya mchezo, Wendell alizungumza bila kugeuza kichwa.

"Mwalimu. Kwako kuna vyumba vingapi?"

Maureen angeweza kudanganya. Kwenye televisheni tangazo lilikuwa la kuuza matairi.

"Viwili," alisema.

Wendell aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akihakikisha jambo alilokwisha kulijua. Mchezo ukarudi. Baada ya kitambo alisogeza bakuli la bisi katikati ya kochi, mahali ambapo mkono wa Maureen ungeweza kulifikia kama angetaka, akaendelea kutazama. Maureen alikaa mpaka mchezo ukaisha, kisha akaaga, akaambiwa kwaheri na walezi, akaendesha kurudi Harlan Forks katikati ya mashamba ya mahindi. Baada ya wiki mbili, Jumamosi, alikwenda tena.